Tabo kwenye pikipiki ya barabarani: maswali tunayoulizwa sana gereji

Gereji yetu iko Tabora mjini, na wanaotuuliza habari za tabo, yaani kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, wanatoka mbali: Urambo, Kaliua, Uvinza, Kasulu, mpaka Ujiji. Wengi ni vijana wa bodaboda. Wachache wana pikipiki kubwa za mtumba kutoka Japani. Kwa kuwa maswali yanafanana, tumeona tuyajibu pamoja hapa.

Mwenye haraka achukue hili kwanza. Pikipiki ya silinda moja yenye kabureta, ile unayolishia familia, usiifunge tabo. Pikipiki ya cc 400 kwenda juu, yenye silinda mbili au nne na inayotumia nozo (inayopuliziwa petroli badala ya kutumia kabureta), inafungika vizuri. Lakini hata hiyo, kitu cha kwanza kushughulikia ni mafuta, cha pili taimingi (wakati plagi inapotoa cheche), cha tatu oili. Tabo yenyewe iwe ya mwisho kununuliwa. Anayeanza kwa kununua tabo karibu kila mara huishia kununua pistoni.

Tabo inafanya kazi gani hasa?

Moshi unaotoka kwenye injini una joto na mwendo, na kwa kawaida vyote vinapotea kwenye ekzosi. Tabo inauzuia moshi huo njiani na kuupitisha kwenye feni. Feni hiyo imeungwa kwa shafti fupi na feni ya pili, ambayo inavuta hewa safi na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi zaidi, unaweza kuchoma petroli nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na nguvu inaongezeka. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hili mwaka 1905.

Shafti hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na tabo ndogo hufika 200,000. Hakuna kitu kingine kwenye pikipiki yako kinachokaribia mwendo huo. Ndiyo maana habari ya oili, utakayoikuta huko chini, tunaisemea kwa ukali.

Fundi, nina Boxer 150. Nifunge tabo ipate mwendo?

Hapana, na sababu zake tutazieleza zote, maana ukisikia "hapana" tupu utaenda kwa fundi mwingine atakayekwambia "ndiyo".

Sababu ya kwanza ni mapigo. Injini ya silinda moja inatoa moshi kwa kishindo, kisha inanyamaza, kisha kishindo tena. Feni ya tabo inataka moshi unaotiririka. Upande wa hewa nako ni hivyohivyo: tabo inasukuma muda wote lakini valvu inafunguka kwa muda mfupi tu, kwa hiyo lazima uweke chupa kubwa ya kutunzia hewa katikati. Kwenye fremu ya Boxer utaiweka wapi?

Ya pili ni oili. Injini hizi ndogo zina kranki iliyokaa kwenye beringi za mipira na za roli, ambazo zinaridhika na oili ya kurushiwa na kutiririka. Pampu yake haikutengenezwa kutoa shinikizo kubwa. Tabo ya kawaida haina mipira ndani: shafti inaelea juu ya utando wa oili inayosukumwa kwa nguvu. Oili ikiwa dhaifu, utando unakatika na shafti inakula bushi.

Ya tatu ni petroli, na hii wengi hawajaifikiria. Tanki la Boxer linashusha mafuta kwenye kabureta kwa uzito wake tu. Ukiipuliza kabureta kwa upepo wa PSI 7 (kipimo kilekile cha upepo wa tairi), upepo huo unasukuma mafuta yarudi juu. Ili petroli iushinde kwa uzito peke yake, tanki lingepaswa kukaa mita 6 na nusu juu ya kabureta. Hebu fikiria umelifunga tanki lako juu ya mwembe pale Isevya. Bila pampu ya mafuta na kifaa cha kupandisha shinikizo lake sambamba na upepo wa tabo, injini inakosa mafuta palepale inapoyahitaji zaidi, na pistoni inatoboka.

Ya nne ni hesabu ya mfukoni. Boxer 150 ina nguvu farasi 12 hivi. Tuseme umefanikiwa kuongeza theluthi moja: umepata farasi nne. Kwa farasi hao wanne umetumia pesa ambayo ungeiongeza kidogo ukapata pikipiki ya cc 250 ya mtumba iliyotoka kiwandani na nguvu hiyo na zaidi, yenye breki na fremu za kuibeba.

Nimepewa tabo ya Hilux bure. Si bora nijaribu tu?

Kaka, tuhesabu pamoja. Injini ya Hilux ya 2L-T ina cc 2,446. Injini ya mipigo minne huvuta nusu ya ujazo wake kila mzunguko, kwa hiyo gari likiwa limesimama linanguruma polepole, mizunguko 800 kwa dakika, linavuta karibu lita 980 za hewa kila dakika. Boxer yako ukiikamua mpaka mwisho, mizunguko 7,500, inavuta lita 540 hivi.

Maana yake Boxer inayokimbia kwa nguvu zake zote inapumua kidogo kuliko Hilux iliyosimama kwenye taa. Na Hilux ikiwa imesimama tabo yake haitoi upepo wowote wa maana. Utakuwa umefunga chuma kizito kinachoziba ekzosi. Iuze, ununue matairi.

Kuna feni ya umeme inauzwa mtandaoni, wanaiita tabo. Vipi hiyo?

Usinunue. Kuisukumia injini ya cc 150 upepo wa PSI 7 kunataka zaidi ya wati 700. Kwa umeme wa volti 12 hiyo ni karibu ampea 60. Betri ya pikipiki haina, na chaji yake haiwezi.

Basi Boxer yangu nifanyeje? Mlima wa kwenda Manyovu unanishinda na abiria.

Swali hili tunalipenda kuliko yote ya tabo, kwa sababu jibu lake linamsaidia mtu kesho asubuhi.

Pima kompresheni kwanza. Boda nyingi zinazoletwa kwetu kwa "kukosa nguvu" zina ringi zilizochoka au valvu iliyokaza mpaka haifungi vizuri. Rekebisha nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Fungua eya kilina, na kama imejaa vumbi jekundu, hapo ndipo nguvu yako ilipokwama. Angalia klachi kama inateleza na breki ya nyuma kama inashika muda wote.

Ukishamaliza hayo, badili spoketi. Kama ya mbele ina meno 14, weka ya 13. Unapata nguvu ya kuvuta zaidi kwa karibu asilimia 8, na mwendo wa juu unapungua kwa karibu asilimia 7. Anayebeba ndizi kutoka Kalinzi kushuka Kigoma mjini hahitaji mwendo wa juu hata kidogo. Spoketi moja na saa moja ya fundi, na injini inabaki salama kama ulivyoinunua.

Kuna kampuni iliyowahi kutoa pikipiki yenye tabo kutoka kiwandani?

Zipo, na zote nne kubwa za Japani zilijaribu: Honda CX500 Turbo na Yamaha XJ650 Turbo mwaka 1982, Suzuki XN85 mwaka 1983, Kawasaki 750 Turbo mwaka 1984. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 zote zilikuwa zimeachwa. Zilikuwa nzito, ghali, na nguvu ilichelewa kuja kisha ikaja yote kwa mkupuo, jambo baya ukiwa umelala kwenye kona. Injini kubwa zaidi isiyo na tabo ilitoa nguvu ileile kwa bei ndogo.

Wale wahandisi walikuwa na maabara nzima, na bado walihangaika. Mtu anayefanya kazi hii chini ya mti anapaswa kuwa mwangalifu kuwazidi.

Nina pikipiki ya cc 600, silinda nne, ya nozo. Nichague tabo ya ukubwa gani?

Sasa tunaongea. Usichague kwa macho wala kwa jina la tabo, chagua kwa hewa.

Chukua cc 600 kwa mizunguko 10,000. Nusu ya 600 mara 10,000 ni lita 3,000 kwa dakika. Injini haijazi silinda kikamilifu, kwa hiyo chukua asilimia 90 yake: lita 2,700. Hapa Tabora, siku ya joto la nyuzi 28, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja na nukta kidogo. Bila tabo, basi, injini yako inavuta karibu kilo 2.7 za hewa kwa dakika. Ukiisukumia PSI 7 na kuipoza hewa mpaka nyuzi 50, unafika karibu kilo 4 kwa dakika. Kanuni ya haraka ya mafundi wa petroli ni kwamba kila kilo moja ya hewa kwa dakika huzaa kama farasi 22. Kilo 4 ni farasi 88 hivi kwa mizunguko hiyohiyo 10,000, kutoka 60.

Kwa hiyo unatafuta tabo ambayo kilo 4 kwa dakika ziko katikati ya uwezo wake. Isiwe mwanzoni mwa uwezo, itachelewa kuamka. Isiwe mwishoni, itakuwa inachemsha hewa tu. Kuna tabo ndogo za Garrett kama GT1241 ambayo watengenezaji wake waliilenga injini za farasi 50 mpaka 130, na hiyo inaingia vizuri hapa.

Huku kwetu chanzo kilicho karibu ni magari madogo ya Kijapani ya cc 660. Pajero Mini na ndugu zake za tabo zipo mitaani, na watengenezaji wa Japani walikubaliana wenyewe kuyabana magari hayo kwenye farasi 64. Tabo zake ni ndogo kweli. Kwa pikipiki ya cc 400 zinafaa sana. Kwa cc 600 zitaamka mapema na kukupa raha ya mjini, lakini ukipanda juu ya mizunguko 9,000 zinaanza kukaba. Kwa mtu anayeendesha barabarani na si mashindanoni, mimi huwa namshauri aelemee upande wa udogo. Tabo kubwa inakupa namba ya kusimulia. Ndogo inakupa pikipiki inayoendesheka.

Tabo ya mtumba nitaijuaje kama nzima?

Shika shafti kwa vidole. Isogeze kushoto na kulia: kucheza kidogo sana, bila feni kugusa ukuta, ni kawaida kwa tabo ya bushi isiyo na oili ndani. Isukume na kuivuta kwa urefu wake: hapo isicheze kiasi cha kusikika kwa kidole. Angalia ncha za feni kwa tochi, ukiona mkwaruzo au ncha zilizolika kama zimepigwa msasa, iache. Oili nyingi upande wa hewa nayo ni dalili mbaya.

Niliwahi kununua moja Dar kwa kuamini maneno, niliyoambiwa kwamba "imetoka kwenye gari linalotembea". Nilipoifungua Tabora nikakuta shafti imepinda. Tangu hapo sinunui tabo ambayo sijaishika mwenyewe, hata muuzaji akituma video.

Tuko juu kuliko pwani. Kuna tofauti?

Ipo, na wachache wanaijali. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kigoma, pale ziwani, ni karibu mita 775. Hewa ya pwani inakandamiza kwa PSI 14.7, ya Kigoma 13.4 hivi, ya Tabora 12.8 hivi. Injini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ikifika Tabora kutoka Dar. Tabo inairudisha nguvu hiyo, na hapa ndipo penye faida ya kweli kwa watu wa bara.

Lakini kuna mtego. Geji ikisoma PSI 7 Dar, tabo inakandamiza hewa mara 1.48. Geji ikisoma PSI 7 ileile Tabora, inakandamiza mara 1.55, maana imeanzia chini zaidi. Shafti inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka na joto zaidi kwa namba ileile. Mipangilio ya mtu wa Dar usiichukue kama ilivyo.

Nianze na upepo kiasi gani?

PSI 5. Ukae nayo miezi kadhaa kabla ya kufikiria 7. Zaidi ya hapo unahitaji pistoni na konrodi zilizofuliwa kwa kazi hiyo, na hatutakufungia bila hizo. Kipimo hiki kinashikwa na westigeti, yaani kilango kinachomwaga moshi wa ziada pembeni ili feni isizidi mwendo. Springi yake ndiyo inayoamua. Usiikaze kwa waya, kuna watu wamefanya hivyo.

Ni lazima nishushe kompresheni?

Pikipiki za kasi za leo zina kompresheni ya 12 kwa 1 au zaidi, yaani pistoni inaibana hewa ya silinda mpaka sehemu moja ya kumi na mbili. Honda CX500 Turbo ilikuwa na 7.2 kwa 1, Kawasaki 750 Turbo 7.8 kwa 1. Tofauti hiyo ndiyo jibu. Kwa PSI 5, ukiwa na mafuta mazuri na taimingi iliyorudishwa nyuma, unaweza kubaki na kompresheni yako kwa tahadhari. Kwa 7, mimi naishusha.

Njia ya kawaida ni bamba chini ya bloku ya silinda. Mfano: silinda ya milimita 67 yenye cc 150, kompresheni 12. Nafasi ya kuchomea ni cc 13.6. Ukitaka 9.5 unahitaji cc 17.6, yaani unaongeza cc 4, ambazo kwenye silinda hiyo ni bamba la milimita 1.14. Ukishainyanyua bloku, cheni ya taimingi inavutika na kemshafti zinachelewa kidogo, kwa hiyo lazima uzipange upya. Fundi anayekuwekea bamba bila kugusa kemshafti hajamaliza kazi.

Mafuta na taimingi: kwa nini mnayasema sana?

Kwa sababu hapo ndipo injini zinakufa, na mimi nimeua moja.

Ilikuwa pikipiki ya cc 400, silinda nne, ya mteja aliyeniamini. Tabo ilikuwa nzuri, bomba nilichomelea kwa mkono wangu, hakuna lililovuja. Mjini ilikwenda vizuri wiki mbili. Tukaipeleka barabara ya Nzega kuijaribu kwa mwendo mrefu, na kabla hatujafika Puge ikakata nguvu, ikatoa moshi mweupe, ikazima. Tulipoifungua, pistoni ya silinda ya tatu ilikuwa na tundu katikati unaloweza kupitisha penseli. Pampu ya mafuta ndani ya tanki ilikuwa imechoka. Mjini ilitosha. Kwenye mwendo mrefu, upepo ukiwa juu, shinikizo la mafuta lilishuka na mchanganyiko ukawa mkavu. Sikuwa nimeweka geji ya shinikizo la mafuta. Niliilipa injini ile, na tangu siku hiyo hakuna pikipiki ya tabo inayotoka getini kwetu bila geji hiyo.

Sasa maelezo. Petroli inaungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya petroli, kwa uzito. Tabo ikisukuma, hatutaki hiyo. Tunataka mchanganyiko ulionenepa, 11.5 mpaka 12, kwa sababu petroli ya ziada inapoza ndani ya silinda. Unaupima kwa sensa ya oksijeni ya masafa mapana iliyofungwa kwenye ekzosi. Kusoma rangi ya plagi peke yake hakutoshi hapa, kwa sababu pistoni inatoboka ndani ya sekunde chache na plagi utaisoma baadaye.

Ukipungukiwa mafuta, au taimingi ikiwa mbele mno, mchanganyiko unalipuka wenyewe badala ya kuungua kwa mpangilio. Utasikia kama kokoto ndani ya kopo. Tuelewane kwenye neno: mtaani wakisema "injini imenoki" wanamaanisha konrodi imekufa na inagonga kila mzunguko. Mlio huu wa kokoto ni mwingine, unatokea juu ya pistoni ukivuta mafuta tu. Ukiusikia, achia mkono wa mafuta mara moja. Kwa kuanzia, rudisha taimingi nyuma nyuzi 1 kwa kila PSI 1 ya upepo, kisha fundi airekebishe kwa vipimo.

Kontroli boksi ya kiwandani, yaani kompyuta ya injini, haiujui upepo wa tabo. Sensa yake ya hewa inaishia kwenye shinikizo la kawaida la anga, kwa hiyo ukisukuma PSI 7 inadhani ni hewa ya kawaida na inatoa mafuta ya kawaida. Unahitaji boksi inayopangika, na sensa inayosoma mara mbili ya shinikizo la anga. Nozo nazo zisifanye kazi zaidi ya asilimia 80 ya muda wake; zikizidi, badili ziwe kubwa. Na petroli ya kwenye chupa kando ya barabara usiitie. Hujui imekaa juani muda gani wala imechanganywa na nini.

Yangu ni ya kabureta nne, ya zamani. Inafungika?

Inafungika, Yamaha XJ650 Turbo ilikuwa ya kabureta. Tabo inapuliza kupitia kabureta, na kila bakuli la kabureta lazima lipate upepo uleule unaoingia mdomoni, pampu ya mafuta iwe juu ya upepo huo kwa PSI chache muda wote, na kila tundu lizibwe. Kuna njia nyingine ya kuweka kabureta kabla ya tabo, lakini hapo intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo) haiwekwi kabisa, kwa sababu itajaa mvuke wa petroli. Kwa ushauri wangu, kama una pesa ya kazi hii yote, hamia kwenye nozo kwanza.

Oili ya tabo niichukue wapi na irudi wapi?

Ichukue kwenye njia kuu ya oili ya injini, pale panapokaa swichi ya taa ya oili. Njia ya kwenda iwe nyembamba, ya kurudi iwe nene. Wengi wanafanya kinyume. Oili ikitoka kwenye tabo imekuwa povu na haina msukumo tena, inashuka kwa uzito wake. Mpira wa kurudisha uwe na tundu la milimita 12 au zaidi, uteremke moja kwa moja bila kupinda kama shingo ya bata, na uingie juu ya usawa wa oili. Tabo ikiwa chini ya usawa huo, weka pampu ndogo ya kunyonya, la sivyo oili itapita kwenye sili na utatoa moshi wa bluu. Utabadilisha sili mara tatu ukidhani zimekufa, kumbe ni mpira wa kurudisha.

Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, maana ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze. Ibadilishe kila kilomita 1,500. Ukifika safari, usizime hapohapo: iache ingurume dakika moja. Oili iliyokwama kwenye tabo yenye moto mkali inaungua na kuwa masizi magumu.

Intakula ni lazima?

Kwa PSI 7 hapa Tabora, hewa inatoka kwenye tabo ikiwa karibu nyuzi 90. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ni zaidi. Kwa PSI 5 na safari fupi unaweza kuishi bila intakula. Mimi nisingeishi.

Vumbi letu?

Vumbi linaua tabo polepole na hakuna anayelisikia. Punje ndogo zikigonga feni inayozunguka mara 150,000 kwa dakika zinakula ncha zake. Ile filta ya mdomo wazi inayong'aa, iliyofungwa chini karibu na tairi ya mbele, inapendeza kwa picha tu. Weka filta ya karatasi kubwa, ndani ya boksi, juu karibu na tanki. Kama unapita Sikonge au vumbi la Kaliua ndani, ifungue kila wiki.

Klachi, cheni na breki zitahimili?

Klachi itateleza kwanza, weka springi ngumu zaidi. Cheni na spoketi zibadilishwe zote pamoja zikiwa mpya. Kuhusu breki hatubishani na mteja: kama mbele ni ya ngoma, hatufungi tabo. Matairi yawe yanayostahili mwendo huo, yasiwe ya kuziba viraka.

Na polisi, na bima?

Mwendo kwenye makazi unabaki kilomita 50 kwa saa, uwe na tabo au usiwe nayo. Mweleze kampuni ya bima yako kabla ya kufunga, upate jibu kwa maandishi, kwa sababu pikipiki iliyobadilishwa bila taarifa inaweza kukuletea ubishi siku unayohitaji fidia. Abiria wa kulipa usimpakie kwenye pikipiki ya tabo. Huyo amekukabidhi maisha yake bila kujua ulichofunga.

Nikiileta kwenu nije na nini?

Njoo asubuhi, injini ikiwa baridi tangu jana usiku, tutapima kompresheni ya kila silinda kabla ya maongezi mengine. Njoo na kadi ya pikipiki na kumbukumbu ya lini ulibadilisha oili mara ya mwisho. Kama tayari umenunua tabo, ilete ikiwa imezibwa midomo yote kwa kitambaa safi, hata kama unatoka karibu tu, Ipuli au Cheyo. Tanki liwe nusu, maana tutaitoa pampu ya mafuta kwanza.